Ruta ya Chumba cha Boila

Meru Mjini,
10 Februari 2025

Baba mpendwa,

Tangu Ijumaa nakupigia simu. Unapokea, unasema "halo, halo", halafu unakata. Najua utaniambia ni netiweki, kwa hivyo nimekaa chini nikuandikie karatasi kama unavyopenda. Jirani yenu Joyline atakuletea akirudi Kianjokoma baada ya kuuza parachichi zake.

Nina habari. Kampuni yetu imepewa kazi ya kiwanda chenu cha chai. Ndiyo, hicho hicho ulichoanza kufanyia kazi kabla mimi sijazaliwa. Na Bwana Kithaka, bosi wetu, ameamua kwamba mimi ndiye nitakayechagua ruta.

Ruta ni kile kisanduku ulichokiona ofisini kwetu, chenye taa ndogo za kijani. Ndani yake tunaweka laini ya simu. Kisha tunakiunganisha na kipimo cha maji na kipimo cha presha pale kwenye boila. Maji yakipungua, ujumbe unaenda papo hapo kwenye simu ya meneja na ya fundi mkuu, hata wakiwa mbali. King'ora kitaendelea kulia kama kawaida. Ujumbe ni wa kuongezea.

Sasa, ruta si moja. Kuna za plastiki za kuweka nyumbani, na kuna za viwandani. Kabla sijachagua ni lazima nijue hali ya mtandao hapo. Wewe husema kila mara kwamba maneno yanakatika. Yanakatika kiasi gani? Ni ndani ya chumba cha boila tu, au hata huko nje kwenye kuni? Niambie ukweli, Baba, kwa sababu nitauandika hivyo hivyo kwenye ripoti. Nikikosea, ujumbe hautafika, na wewe ndiye unayesimama mbele ya ule moto.

Silali vizuri tangu nipewe kazi hii. Kingekuwa kiwanda cha watu wengine, labda ningelala.

Mtoto wako,
Rwamba

*

Kianjokoma,
16 Februari 2025

Mama,

Nakuita hivyo kama siku zote, maana jina ulilobeba ni la mama yangu, na leo nimelitaja kwa furaha. Nilipomwambia mama yako Ruguru kwamba kazi ya kiwanda chetu imekuja mikononi mwako, aliacha kukamua ng'ombe akaanza kuimba.

Umeuliza habari za netiweki. Ni mbovu. Ni mbovu ndani, ni mbovu kwenye kuni, na hata hapa nyumbani si nzuri. Ukinipigia nasikia kama mtu anayeongea akiwa ndani ya gunia. Ndiyo sababu nakuambia uandike. Karatasi haikatiki.

Wenzangu wananiuliza, "Njoka, huyo binti yako anatuletea mashine ya kutufuta kazi?" Nimewajibu kwamba hapana, ni ya kusaidia. Natumaini sijawadanganya. Nyaga, tunayeshika naye zamu, anawacheka. Anasema iletwe, hata boila mwenyewe amechoka kuangaliwa na sura zetu.

Mimi imebaki miaka miwili nistaafu. Sitaki maneno na mtu. Nataka nimalize kazi yangu nitoke kwa mlango, si kwa dirisha.

Baba yako,
Njoka

*

Mitunguu,
3 Machi 2025

Baba,

Nakuandikia kutoka Mitunguu, kwenye kiwanda cha kukausha ndizi. Joto la huku unalijua. Ukiongeza na la vikaushio, kalamu inateleza mkononi.

Nimeitwa kwa sababu ya ruta. Mwenye kiwanda alinunua ile ya plastiki. Nilipofika, taa zake zote zilikuwa zinawaka kijani, ungeapa kwamba ni nzima. Kumbe ilikuwa imeganda. Umeme uliyumba kidogo, ruta ikashikwa na bumbuazi, na tangu hapo haikupitisha neno hata moja. Kikaushio kilizidi moto na hakuna aliyepata ujumbe. Ndizi zote zilikuwa nyeusi kama makaa. Mwenyewe alinitazama akasema, "Lakini taa si zilikuwa zinawaka?"

Hapa ni ndizi. Nimesimama nikafikiria chumba chenu cha boila.

Kwa hivyo nimechagua ya chuma. Inastahimili joto na vumbi, inakaa na laini mbili za kampuni tofauti, moja ikilala nyingine inachukua, na ikiganda inajizima na kujiwasha yenyewe bila kungoja mtu. Na kwa sababu ulisema netiweki ni mbovu kila mahali, nimeomba pia mlingoti mrefu wa antena juu ya paa.

Huo mlingoti ndio umeleta shida. Meneja wenu, Madam Felicitas, amekataa bei yote, ya mlingoti na ya ruta ya chuma. Amemwambia Bwana Kithaka kwamba yeye hupiga simu akiwa pale pale kwenye boila na anasikika vizuri. Nimesema nina mtu anayefanya kazi humo kila siku. Sikukutaja jina. Bwana Kithaka ameamua tuweke kwanza ya plastiki kwa majaribio, mpaka wakubaliane. Nimepinga, nimeshindwa. Mwenzangu Vincent atakuja kuifunga na kupima mtandao.

Ukimwona, mpe chai.

Rwamba

*

Kianjokoma,
10 Machi 2025

Mama,

Tafadhali usiandike maneno yangu kwenye karatasi za ofisi. Mimi ni mtu wa moto, si mtu wa netiweki. Pengine ni simu yangu iliyozeeka. Huo mlingoti uondoe. Kama Madam anasema inasikika, basi inasikika.

Huku mambo yamebadilika. Wamepunguza watu, na Nyaga amepelekwa juu, kwenye ghorofa ya kunyaushia majani. Zamu yangu sasa niko peke yangu, kuni ni mimi na maji ni mimi. Si kitu, nimezoea. Juzi king'ora kililia, Nyaga akashuka mbio kuja kuangalia. Pampu ya maji ilikuwa imeshika hewa tu. Aliponigusa bega nilishtuka nikakaribia kumpiga na koleo. Tulicheka sana.

Kijana wako Vincent amekuja na kisanduku chake. Ni mtu mzuri lakini haongei.

Kula vizuri. Mara ya mwisho ulikuwa umekonda.

Njoka

*

Meru Mjini,
17 Machi 2025

Mama yangu,

Barua hii ni yako peke yako. Nimemwomba Joyline akupe wewe mkononi.

Vincent amerudi. Amepima mtandao kila kona: kwenye kuni, kwenye mlango, ubavuni mwa boila. Umejaa kabisa, laini zote mbili. Alinipigia akiwa hatua chache kutoka alipokuwa Baba, na nikamsikia kama tuko meza moja. Nilipomuuliza kama alimsalimia Baba, alisita. Akasema, "Rwamba, nilimsalimia nikiwa nyuma yake, nikarudia, nikapaza sauti. Hakugeuka. Nilidhani amenikasirikia."

Baba ameniandikia kwamba Vincent haongei.

Ameniandikia pia kwamba king'ora kililia na Nyaga akashuka mbio kutoka juu. Mama, Nyaga alikuwa ghorofani katikati ya mafeni. Baba alikuwa amesimama chini ya king'ora chenyewe. Mbona ni Nyaga aliyekuja?

Nimesoma hiyo sehemu mpaka karatasi imelegea. Niambie, Baba anasikia?

Rwamba

*

Kianjokoma,
21 Machi 2025

Rwamba mwanangu,

Hasikii. Sasa umejua.

Ilianza polepole. Mimi nilidhani ni ubishi wa wanaume. Sasa nikitaka kumwambia kitu nagonga meza kwanza, anainua macho, ndipo naongea. Anasoma midomo. Kanisani anawatazama wengine ajue wakati wa kusimama. Juzi kuku walivamiwa na mwewe nyuma ya nyumba, wakapiga kelele mpaka jirani akaja, na yeye ameketi hapo anamenya nduma.

Nilimwambia aende aseme kiwandani. Alinijibu kwamba mtu wa boila asiyesikia hapewi kazi nyingine, anapewa barua ya kwenda nyumbani. Alilia, Rwamba. Sijawahi kumwona akilia hata alipomzika mama yake.

Nakuomba usimseme. Ni miaka miwili tu. Wewe umesomea hiyo mitambo, si uweke kimoja kitakachosikia kwa niaba yake? Kila akitoka kwenda zamu mimi hubaki nimesimama langoni kama mtu aliyesahau kitu.

Usimwambie nimekuambia.

Mama yako,
Ruguru

*

Meru Mjini,
27 Machi 2025

Baba,

Natumaini u mzima. Mlingoti nimeuondoa kwenye maombi, kama ulivyotaka. Vincent alipima na kuona kwamba hauhitajiki.

Lakini kuna mambo nimeongeza. Nimeandika kwamba kelele za chumba cha boila ni nyingi mno kwa mtu yeyote, hata mwenye masikio mazuri, kwa hivyo king'ora peke yake hakitoshi. Nimeomba taa kubwa nyekundu za kuwaka na kuzima, moja kila ukuta, na kifaa cha kuvaa kiunoni kinachotetemeka ujumbe ukiingia. Vyote vitaunganishwa na ruta ya chuma. Viwanda vingi siku hizi vinafanya hivyo. Si kwa ajili yako tu.

Bwana Kithaka anauliza kwa nini nimeng'ang'ana hivi na kiwanda kimoja. Nimemjibu kwamba boila si ndizi.

Ruta ya chuma inaagizwa, inaweza kuchukua majuma kadhaa. Baba, nakuomba, hiyo ya plastiki usiitegemee. Ukiona taa zinawaka, usidhani iko kazini. Na uende kwa Madam umwombe amrudishe Nyaga kwenye zamu yako mpaka nije. Sema kazi ya kuni imekuzidi. Sema mgongo. Sema chochote, lakini usikae humo peke yako.

Nataka kukuuliza kitu kingine, lakini nimekifuta.

Rwamba

*

Meru Mjini,
14 Aprili 2025

Baba,

Bwana Kithaka ametuita asubuhi hii akatuambia. Nyaga yuko hospitalini kule Embu, mkono na shingo vimeungua. Boila lilikauka maji. King'ora kililia na ruta haikutuma ujumbe kwa mtu yeyote. Nilipouliza kuhusu mtu wa zamu, alisema hakuumia. Nilitoka nje nikashika ukuta.

Kesho Madam Felicitas anafanya mkutano na Vincent ndiye atakayetuwakilisha. Nimempa barua yangu aisome hapo. Nimeandika kwamba ruta iliganda, kwamba nilijua kwamba aina hiyo huganda, na kwamba mimi ndiye niliyepaswa kukataa isifungwe. Yote ni kweli. Acha iishie hapo. Mimi ni kijana, nitapata kazi nyingine hata Nairobi.

Wewe usiseme neno. Ninajua, Baba. Nimejua tangu mwezi jana. Usimkasirikie aliyeniambia. Niliogopa kukuuliza kwa sababu ungenijibu, na nikishapata jibu ningelazimika kufanya jambo.

Ukiulizwa, sema kelele zilikuwa nyingi.

Rwamba

*

Kianjokoma,
15 Aprili 2025

Mama,

Nakuandikia kabla ya jua kuzama ili Joyline aondoke nayo alfajiri.

Ilikuwa mchana. Umeme uliyumba, pampu ya maji ikazima na haikuwaka tena. Mimi nilikuwa nimegeuka, natoa magogo kwenye rundo nyuma. Niliyaingiza motoni, nikageuka tena kuchukua mengine. King'ora kililia, wanasema kilisikika mpaka barabarani. Mimi nilikuwa napanga kuni, mama. Nilikuwa nawaza habari ya ndama.

Nilimwona Nyaga akiwa tayari ndani, mdomo wazi, ananisukuma kando. Alifunga milango ya hewa, akaanza kuuvuta moto nje kwa mikono yake. Hapo ndipo kioo cha kupimia maji kilipopasuka na mvuke ukatoka usoni mwa boila ukampata. Niliona akipiga kelele. Niliona tu.

Leo asubuhi mkutanoni, Vincent alisimama na kusoma karatasi. Sikujua ni nini mpaka nilipoona midomo yake ikisema jina lako, kisha "kosa langu". Nikamwomba anionyeshe. Nikaisoma mpaka mwisho, watu wote wakiningoja.

Nilisimama. Nikamwambia Madam Felicitas, "Hiyo ruta haikutuma ujumbe, ni kweli. Lakini king'ora kililia juu ya kichwa changu, na mimi sisikii. Nimekuwa sisikii karibu miaka mitatu. Nimekuwa nikificha."

Alisema kitu akiangalia meza. Nikamwambia, "Madam, ukitaka nikusikie, nitazame."

Akanitazama. Akaniuliza, "Binti yako alijua?" Nikamwambia hapana, ingawa zile taa nyekundu ulizoomba zilikuwa zimeshaniambia kwamba umejua. Huo ndio uongo wa mwisho niliousema humo ndani, na sijutii.

Kisha nilirudisha ufunguo wa chumba cha boila, nikaja nyumbani kwa miguu. Barua yako ya jana nimeikuta hapa mezani. Mama yako ameketi karibu nami. Hatujagonga meza leo, tunatazamana tu.

Njoka

*

Meru Mjini,
23 Aprili 2025

Baba,

Barua yangu ilikukuta umeshasema. Yako imefika ikiwa na alama za vidole vya masizi, na siwezi kuiweka mbali nami.

Bwana Kithaka alitaka kunipa barua ya onyo, halafu Madam akamwandikia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekataa bei ya ruta ya chuma na ndiye aliyemwondoa Nyaga chini. Sijui nani ataonywa sasa. Ofisini hakuna anayenitazama. Kila simu ikilia nadhani ni ya hospitali.

Ruta imefika. Nimeiweka mezani nikaichomoa umeme mara nyingi kuliko inavyostahili, na kila mara inaamka yenyewe. Nimefunika laini ya kwanza, ya pili ikachukua. Bado naiogopa. Nitakuja Jumatatu kuifunga pamoja na taa nyekundu. Uje kama utaruhusiwa. Usipokuja nitaelewa.

Mnasema nini Nyaga akitajwa? Mimi sijui nimpelekee nini mtu kama huyo.

Rwamba

*

Kianjokoma,
11 Mei 2025

Mama,

Tangu uondoke ruta inafanya kazi. Aliyepewa boila ni Mukami, yule msichana uliyemfundisha kubonyeza kitufe cha majaribio. Hubonyeza kila akiingia, taa zote nyekundu zinawaka, na hata sisi tulio huku kwenye miche tunaziona kwa dirisha. Wamenipa kazi ya kitalu cha mikaratusi ya kuni. Mshahara umepungua lakini hawakunifukuza. Daktari wa masikio ameniandikia nirudi Juni.

Jana Nyaga alitoka hospitalini. Nilikwenda kwake Kanja pamoja na mama yako. Tulibeba unga na kuku. Mlangoni nilitaka kurudi, mama yako akanishika koti.

Nyaga ameketi kitini, mkono umefungwa mpaka begani. Nilimwambia yote. Aliniacha nimalize, halafu akaongea polepole ili nimsome.

"Njoka, nilijua tangu mwaka jana. Unadhani nilipopelekwa juu, kwa nini nilikuwa nakuja mbio kila king'ora kikilia?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ungefukuzwa." Akacheka kidogo, akauma meno kwa maumivu. Alinipa ule mkono mwingine. Kwake yamekwisha, au ameamua yaishe.

Lakini mke wake, Kajuju, hakuketi nasi. Alisimama mlangoni akitazama shamba. Wakati wa kuaga nilimsogelea nikamwomba msamaha. Aligeuza uso, akaongea kwa muda, mabega yake yakitikisika, na mimi sikupata hata neno moja. Mama yako alisikia yote. Njiani nilimuuliza Kajuju alisema nini. Amekataa kuniambia, na macho yake yalikuwa mekundu.

Mama, sikulala usingizi mzuri. Jumapili ijayo baada ya kanisa nitarudi kule peke yangu, nimwombe Kajuju ayaseme tena akiwa amenitazama.

Baba yako,
Njoka